SUMAKU NA FLASHI: NANI ALIFUTA POINTI?



Trimesta iliyopita flashi yenye pointi za darasa moja ilikataa kufunguka. Ndani ya mfuko ulioileta toka Kindu mlikuwa pia na sumaku ya bafle iliyokufa, mali ya mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Wote tukasema: "Sumaku imekula pointi!" Mimi mwenyewe niliandika jina lake kati ya watu wa azabu. Je, tulihukumu sawasawa? Tujifunze.

1. Kaseti. Utepe wake umepakwa unga mwembamba wa kutu ya chuma. Wakati wa kurekodi, mashini inageuza unga ule kuwa sumaku ndogo ndogo, zinapangwa kwa kufuata sauti. Sumaku kali ikikaribia inavuruga mpango ule, na wimbo unafutika. Basi wazee wa kwaya wanasema kweli: usiweke kaseti juu ya bafle. Disketi za zamani vilevile.

2. Diski ngumu ya ordinatere. Nayo inaandika kwa sumaku, tangu ile ya kwanza ya IBM, mwaka 1956. Lakini sumaku ndogo iliyo nje ya sanduku si rahisi iifute. Hata ndani ya diski yenyewe mna sumaku kali zinazosukuma mkono wa kusomea. Ila tusiijaribu.

3. Flashi na karti ya telefone. Hizi haziandiki kwa sumaku hata kidogo. Zinafungia chembe za umeme, ndio elektroni, katika vyumba vidogo sana. Flashi yenyewe ilianzishwa na Mjapani Fujio Masuoka, miaka ya 1980. Sumaku ya bafle haifungui vyumba hivyo.

Tulijaribu hapa Lokandu: flashi ya nyimbo ililala usiku mzima kati ya sumaku mbili. Asubuhi nyimbo zote ziliimba. Nikaenda kufuta jina la mdogo wetu, nikamwomba radhi mbele ya darasa lake. Alikuwa amekwisha kulima siku mbili.

Flashi inauawa na nini basi? Kuichomoa wakati mashini ingali inaandika, maji, ao umeme wa jenereta unaopanda na kushuka. Na zile pointi? Mwalimu alizikuta katika daftari lake. Kwa hiyo tuandike mara mbili, pahali pawili.

Maulizo:
1. Sababu gani kaseti inafutika, na flashi hapana?
2. Nani mwingine tumemhukumu mbele ya kujaribu?

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho