SOMO: FOMU INAPOKATAA KUSAHIHISHWA

Makarani wa matawi wametuuliza mara nyingi: fomu ya wanachama katika programu ya Access inafunguka, jina linasomeka, lakini ukitaka kulisahihisha kompyuta inalia tu. Wengi hudhani kibodi imekufa. Sivyo.

Kisanduku cha fomu ni dirisha. Habari zenyewe zimo katika jedwali. Sisi, kwa kutaka jumla ya michango ionekane pale pale, tuliiunganisha fomu yetu na kwiri, yaani swali linalojumlisha habari za majedwali mawili. Jumla moja imetokana na risiti 12. Kompyuta haiwezi kujua ibadilishe mstari upi, basi inazuia vyote, hata jina. Kwa sababu hiyo mwenzetu mmoja alibaki na jina lisilo lake, na siku ya msiba fedha za rambirambi zikakwama.

Kwanza hakikisha kisanduku hakikutiwa kufuli kwa makusudi. Kisha tazama chanzo cha rekodi katika sifa za fomu. Kikiwa ni kwiri ya kujumlisha, weka jedwali la wanachama lenyewe mahali pake, na jumla ihamie katika fomu ndogo, au katika kisanduku chenye DSum. Hicho cha DSum huanza na alama ya =, nacho ni cha kusoma tu siku zote; msihangaike nacho.

Mkimaliza, sahihisheni jina moja, fungeni fomu, mkatazame katika jedwali kama limeingia.