Taja Namba: Kwa Wagonjwa wa Saratani Waliolazwa na Ndugu Wanaowauguza

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Ndugu wa wagonjwa wamefika ofisini kwetu wakasema bila kuficha kwamba mgonjwa wao alilia usiku kucha na hakuna aliyemsikiliza. Tulipofungua mafaili tukakuta daktari ameandika mchana wa siku ile ile: "Hana malalamiko." Ndugu hawakusema uongo, na daktari naye aliandika alichoambiwa. Mgonjwa aliulizwa anaendeleaje, akajibu nafuu, raundi ikasogea kitanda cha pili.

Sasa wodi zetu za saratani zina utaratibu mmoja. Kila muuguzi anapopima joto, mapigo ya moyo na presha, atauliza pia maumivu, na jibu litaandikwa kwenye chati kwa namba. "Nafuu", "hivyo hivyo tu" na "tunamshukuru Mungu" hayataandikwa. Salamu ijibiwe kama salamu, lakini swali la maumivu ni swali la tiba. Taja namba.

Tunajua wengi wenu hamtuamini. Mmeambiwa "vumilia" mara nyingi mno, na wengine mmeambiwa na watu waliovaa makoti meupe. Basi msituamini kwa maneno. Mwombeni muuguzi awaonyeshe namba aliyoiandika, saa aliyoiandika, na dawa iliyotolewa baada yake. Ni haki ya mgonjwa, na muuguzi wetu yeyote ameelekezwa kuonyesha bila kununa.

Namba inavyotajwa

Sifuri ni kutoumwa kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Moja hadi tatu ni madogo, nne hadi sita ni ya kati, saba kwenda juu ni makali, na makali hayasubiri raundi ya kesho.

Asiyependa hesabu atumie mkono. Ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yaliyofika mwisho. Njia hii hutumika sana katika tiba shufaa hapa Afrika, nasi tunaipenda kwa sababu hata aliyekaukiwa na sauti huiweza. Ila sikilizeni vizuri: tano ya vidole ni ukomo wa maumivu, tano ya kwenye kumi ni katikati tu. Ukionyesha vidole, hakikisha muuguzi ameandika kuwa ni vidole. Namba sahihi ikiandikwa kwenye kipimo kisicho chake, mgonjwa mwenye maumivu makali atapewa dawa ya mwenye maumivu ya kati.

Namba moja haitoshi. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo, bibi. Leo maumivu ni ngapi kwenye kumi?"

"Marahaba, mwanangu. Ah, tunaendelea."

"Ukiwa umelala hivi hivi, ngapi?"

"Labda mbili."

"Na tukikugeuza kubadilisha shuka?"

"Hapo usiseme. Nane."

Bibi huyu ana nane. Angeulizwa akiwa ametulia tu, angeonekana hana shida, kumbe ametulia kwa sababu anaogopa kujigeuza. Kwa hiyo namba ichukuliwe akiwa ametulia na akiwa anajongea, kabla ya dawa, na tena kama saa moja baada ya kunywa mofini ya maji. Namba isiposhuka, dawa haijatosha, na daktari aambiwe.

Sema pia maumivu yalipo na yalivyo. Yanayouma kwa ndani mfululizo kwenye mfupa hayatibiwi sawa na yanayochoma, yanayowaka au yanayopita kama shoti ya umeme. Haya ya pili mara nyingi yametoka kwenye mishipa ya fahamu na huhitaji dawa ya kuongezea, kwa mfano amitriptilini. Mfupa uliovamiwa na saratani unaweza kutulizwa kwa mionzi, wakati mwingine kwa kikao kimoja tu. Daktari hawezi kuyachagua haya kutokana na neno "naumwa" peke yake.

Watoto huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Mtoto mchanga, au mtu mzima asiyeweza kusema, husomwa kwa kukunja uso, kukakamaa miguu, kilio, na kukataa kubembelezwa. Mama wa mtoto huziona dalili hizi kabla yetu. Mama, sema.

Hatari tunayoiogopa kuliko zote: kuficha

Wagonjwa huficha maumivu. Mzee anaona aibu kulalamika mbele ya wauguzi wenye umri wa wajukuu zake. Mama anaogopa daktari akijua ameumwa usiku atamsimamishia dripu za saratani. Mwingine hataki kuwasumbua wanawe waliolipa nauli kutoka mbali. Na ndugu nao hujibia: mgonjwa anafungua mdomo, dada mtu anadakia, "Leo amelala vizuri." Ndugu, mgonjwa mwenye fahamu zake ajibu mwenyewe. Wewe ongeza baada yake ulichokiona usiku.

Kuficha si ushujaa. Maumivu mapya ni habari ya ugonjwa ulipofika. Mgonjwa wa saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, miguu ikawa mizito au ikapata ganzi, mkojo ukakataa kutoka au choo kikamtoka bila kujijua, huenda uvimbe unaukandamiza uti wa mgongo. Mwite muuguzi hapo hapo, hata kama ni saa 8 usiku. Tunarudia: hapo hapo. Akiwahiwa anaweza kuendelea kutembea. Akinyamaza hadi asubuhi ili asisumbue, miguu inaweza isirudi tena.

Mofini

Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa dawa ya kunywa kila inapowezekana, kwa saa maalumu, na kwa nguvu inayolingana na maumivu. Parasetamoli au diklofenaki kwa maumivu madogo. Kwa makali, mofini. Hapa kwetu hutumika zaidi mofini ya maji, inayochanganywa kutokana na unga. Ni dawa ya gharama nafuu na inayofanya kazi, na tunajivunia kusema hivyo mbele ya yeyote.

Mofini si dawa ya kufia. Haitolewi kwa sababu mtu anakaribia kufa, hutolewa kwa sababu anaumwa sana, na wapo wanaoitumia huku wakiendelea na tiba ya saratani na kazi zao. Wala anayeinywa kwa ajili ya maumivu, chini ya uangalizi, si mtumiaji wa dawa za kulevya. Mwili wake unaweza kuizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla bali hupunguzwa taratibu, lakini kuizoea si uraibu. Jirani Uganda, tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Nchi haifanyi hivyo kwa dawa ya kuwaua watu wake.

Shida tunayokutana nayo kila siku ni saa. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Kwa kawaida hunywewa saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na daktari anaweza kuagiza dozi hii ya mwisho iwe maradufu ili mgonjwa alale bila kuamshwa. Mgonjwa akisema "sasa siumwi, nitakunywa yakirudi", amekosea. Haumwi kwa sababu alikunywa. Maumivu yakishapanda, dozi iliyotosha kuyazuia haitoshi kuyashusha. Yakimjia katikati ya saa, kuna dozi ya ziada iliyoandikwa kwenye chati: aiombe, kisha aendelee na saa zake kama kawaida.

Choo kitafunga. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza huwa vinapungua, lakini choo hakizoei, kwa hiyo dawa ya kulainisha itolewe tangu siku ya kwanza. Usipopewa, dai.

Mwite muuguzi haraka mgonjwa akilala usingizi asioamshika, akipumua polepole mno, akiweweseka, au misuli ikimrukaruka. Wanaougua saratani ya shingo ya kizazi wawe waangalifu zaidi, maana uvimbe ukiziba mirija ya mkojo figo huchoka, na mofini hurundikana mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo msilete diklofenaki ya duka la mtaani wala dawa ya mizizi na kumpa mgonjwa kimya kimya. Diklofenaki huumiza figo na tumbo. Ukishampa, sema, hatutakufukuza wodini.

Kuhusu malipo, masharti ya bima na ya msamaha yamebandikwa kwenye dirisha la ustawi wa jamii. Pita huko na kitambulisho.

Namba ikipuuzwa

Ukitaja saba au zaidi, na saa moja ikapita bila dawa wala maelezo, mwambie muuguzi wa zamu kwa mara ya pili, kisha msimamizi wa wodi. Asipopatikana, omba aitwe daktari wa zamu. Usisubiri saa za kuona wagonjwa ndipo ulalamike. Yule bibi wa nane asipewe dawa kwa sababu mwanawe anajua kupaza sauti, apewe kwa sababu nane imeandikwa.

Siku ya kuruhusiwa, usitoke wodini bila mofini ya kumfikisha mgonjwa kliniki inayofuata, na karatasi yenye saa na kipimo. Soma nguvu ya dawa kwenye lebo ya kila chupa mpya, maana mililita tano za chupa hii zinaweza kuwa na nguvu mara kumi ya mililita tano za chupa ile. Chupa ikae mahali watoto wasipofika. Asipewe jirani, hata kama naye ana saratani: dozi iliyozoewa na mwili mmoja inaweza kuzima pumzi ya mwingine. Mgonjwa akibadilishiwa dawa au akifariki, iliyobaki irudishwe famasi ya hospitali, ipimwe mbele yako, nawe utie saini daftarini.