Jina Kwenye Leso

SWALI: Fundi wa madera, Mombasa, ana fedha kidogo za matangazo. Aanzie wapi?

JIBU: Aanzie Mtaa wa Biashara, mjini kwake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilichapa leso zake alama ya “K.H.E. – Mali ya Abdulla”. Kila aliyejifunga leso akalitangaza bila malipo. Fundi naye ashone lebo yenye jina na nambari ya simu.

Kisha achague wa kumlenga. Sare za harusi zinafaa zaidi: bi harusi mmoja huja na mashangazi, mawifi na mashoga wote.

Kila mteja aulizwe alimjuaje fundi, na jibu liandikwe daftarini. Fedha zifuate jibu linalojirudia. Punguzo la bei lingoje. Wateja wakishalizoea, bei ya zamani huonekana ya kuwalangua.