Namna ya Kubadili Mpira wa Sivi Jointi Uliopasuka

Motokaa ndogo nyingi zilizopo barabarani siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele. Ndizo zinazopeleka mboga sokoni, mgonjwa hospitali, na sisi wanafunzi shuleni muhula unapofunguliwa. Katika makala hii nitaeleza habari za mpira mmoja mdogo ulio nyuma ya gurudumu la mbele: kazi yake, dalili za kupasuka kwake, na namna mtu awezavyo kuubadili uani kwake kabla hasara haijawa kubwa.

Gurudumu la mbele la motokaa kama hiyo huzungushwa na injini, na papo hapo hugeuzwa kulia na kushoto kwa usukani, tena hupanda na kushuka penye mashimo. Shafti moja iliyonyooka haiwezi kuyafanya hayo. Kiungo cha msalaba cha zamani, kikiwa kimekunjwa, huzunguka kwa mwendo usio sawa; katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Katika miaka ya 1920 mhandisi Alfred Rzeppa alibuni kiungo chenye gololi sita zinazokaa ndani ya mifereji, nacho hupeleka mwendo ule ule hata kikikunjwa. Motokaa iitwayo Mini, iliyotoka Uingereza mwaka 1959, ilitumia viungo vya gololi vya jinsi hiyo. Mafundi wetu hukiita sivi jointi.

Gololi hizo haziwezi kudumu bila grisi. Kwa hiyo jointi huvishwa mpira wenye mikunjo, uliobanwa kwa klipu mbili. Kazi ya mpira ni kuzuia grisi isitoke, na mchanga na maji yasiingie. Gurudumu lenye mzingo wa mita 1.8 huzunguka zaidi ya mara 550 katika kila kilometa moja, na motokaa inapokata kona mikunjo hiyo hufunguka na kufungana katika kila mzunguko. Si ajabu basi kwamba mwishowe mpira huchoka na kupasuka.

Dalili zake ni rahisi kuziona. Geuza usukani mpaka mwisho, uzime injini, kisha tazama nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu, au ufa katika mikunjo, mpira umekwisha. Lakini ukisikia mlio wa "tak-tak-tak" motokaa inapokata kona kali, jua kwamba jointi yenyewe imekwisha kulika. Hapo kubadili mpira peke yake hakutaponya. Jointi nzima hubadilishwa.

Ikiwa jointi bado ni nzima, nunua mpira mpya wa motokaa ya aina yako, pamoja na klipu zake, grisi yake, na kipete kipya cha waya cha kuishikia jointi. Kazi yenyewe hufuata utaratibu huu.

Kwanza, simamisha motokaa mahali tambarare, funga breki ya mkono, uweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Gurudumu likiwa bado chini, chomoa kotapini na ulegeze nati kubwa ya katikati, kisha ulegeze nati za gurudumu. Inua kwa jeki, uweke stendi za chuma zilizo imara, ndipo uondoe gurudumu. Usiitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia, na motokaa ikianguka haimwachi aliye chini yake.

Pili, fungua bol jointi ya chini, habu ipate kuvutwa nje. Angalia bomba la breki na waya zisivutike. Gonga ncha ya shafti taratibu ukitumia kipande cha ubao mpaka itoke ndani ya habu. Usiivute shafti kwa nguvu, kwani jointi ya upande wa ndani yaweza kuachana, au shafti ikachomoka na kumwaga oili ya giaboksi.

Tatu, kata mpira wa zamani na klipu zake, ufute grisi. Katika motokaa nyingi jointi hushikwa na kipete cha waya kilichofichika ndani. Weka kipande cha shaba kwenye sehemu ya ndani ya jointi, ugonge kwa nyundo, nayo itachomoka. Ioshe kwa mafuta ya taa na uikaushe vizuri. Chunguza gololi na mifereji yake. Ukiona vishimo au michubuko, usiirudishe.

Nne, tanguliza klipu ndogo na mpira mpya kwenye shafti, na utie kipete kipya. Jaza jointi grisi iliyokuja na mpira, na inayobaki uitie ndani ya mpira. Grisi hiyo ina molibdeni na imetengenezwa kwa kazi hii. Grisi ya kawaida haitoshi. Gonga jointi mpaka kipete kijifunge, kisha uivute kuhakikisha imeshika. Kaza midomo ya mpira katika mifereji yake, toa hewa iliyobanwa ndani, ndipo ufunge klipu. Mpira usikae umejipinda.

Tano, rudisha vyote mahali pake. Nati kubwa ikazwe gurudumu likiwa chini, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha motokaa. Mara nyingi huzidi nyutoni-mita 150. Tia kotapini mpya. Baada ya kilometa kama 50, kagua tena nati za gurudumu.

Wako watu wanaofunga ufa kwa kipande cha tyubu na kamba. Hayo yaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini mchanga uliokwisha kuingia hukaa humo humo ukisaga chuma kama jiwe la kinolea. Bei ya mpira ni ndogo sana ukiilinganisha na ya jointi, na jointi ikivunjika njiani, gurudumu halivutwi tena: mboga zitaoza na mgonjwa atachelewa.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila unapoiosha motokaa ya nyumbani, inama kidogo utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na hata mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kuifanya.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne