Sarafu na Nishani Zilizomo Sandukuni

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu liko sanduku la bati lisilofunguliwa ila kwa nadra. Humo zimo hati za shamba na picha za arusi, na chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, ziko sarafu zisizonunua kitu tena, na pengine nishani ya babu. Mwenye sanduku akifariki, wakati mwingine vijana hupeleka vyote kwa sonara, naye hupima uzito wa fedha, hulipa, kisha huiyeyusha. Kilichopotea hapo kina thamani kuliko bei waliyopewa, wala hakirudi.

Kukusanya vitu vya namna hii ni kazi ya mapumziko ipendwayo na watu wa nchi nyingi, matajiri kwa maskini. Mtu wa Chuka au Runyenjes asiye na mtaji aweza kuanza na sarafu zenye tundu katikati, zile za senti moja, tano na kumi zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Ile ya senti tano ndiyo wengi katika Kenya waliyoiita ndururu. Tundu lilimwezesha mtu kuzitunga kwenye uzi aendapo sokoni, jambo lenye manufaa, maana shuka haina mfuko.

Tundu hilo lilileta pia jambo la ajabu. Kwa kuwa katikati hapakuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, liliandikwa jina lake tu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akajiuzulu kabla ya kuvishwa taji. Huko kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyopata kutumika madukani. Lakini ziko ndururu na senti kumi za mwaka 1936 zenye jina lake, nazo zilipita mikononi mwa wauza viazi na wauza mbuzi huku kwetu. Atakayeiona moja asidhani ametajirika, kwani zilitengenezwa kwa wingi. Aitazame vizuri tu: herufi ndogo H au KN ni alama ya mojawapo ya viwanda viwili vya Birmingham, na isiyo na herufi ilitoka katika kiwanda cha serikali mjini London.

Shilingi yenye simba nayo yafaa kusomwa kama barua. Zile za tangu 1921 hata 1946 zina robo ya fedha ndani yake. Za mwaka 1948 na baadaye ni shaba iliyochanganywa na nikeli, wala hazina fedha hata kidogo. Katika zile za kwanza mfalme huitwa pia mtawala wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947, maneno hayo yaliondolewa. Basi mabadiliko makubwa ya dunia yalimfikia mkulima wa Meru katika kiganja cha mkono wake, awe alijua kusoma au hakujua.

Nishani zataka uangalifu zaidi. Nishani ya Utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902, ni ya fedha, na utepe wake ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya utepe hupachikwa kipande chembamba cha fedha kitajacho vita vyenyewe. Kilichoandikwa EAST AFRICA 1906 kilitolewa kwa vita vya Juni na Julai mwaka huo dhidi ya Waembu. Jina la Embu halimo. Asiyejua hudhani ni kumbukumbu ya nchi yote ya Afrika ya Mashariki, kumbe ni ya mwezi mmoja wa kuishinda nchi ndogo iliyo chini ya Mlima Kenya. Nishani hiyo hiyo ilitolewa tena kwa askari na polisi waliotumika wakati wa Hali ya Hatari, na kipande chake kikaandikwa KENYA, kwa muda wa Oktoba 1952 hata Novemba 1956. Wapiganaji wa msituni hawakuipewa, na kwa sababu hiyo ziko jamaa zinazoona haya kuionyesha. Mkusanyaji hana kazi ya kuhukumu. Aulize kwa adabu, na akikataliwa anyamaze.

Ukingoni mwa nishani hiyo, na mwa nishani ya fedha ya vita vya 1914–1918, huchongwa nambari, jina na kikosi cha aliyepewa. Yafaa kuugeuzageuza ukingo polepole mbele ya mwanga, kwani huenda hilo ndilo andiko pekee la jina la askari huyo lililosalia kwao. Walakini nishani ambazo serikali ya Uingereza ilitoa kwa vita vya 1939–1945 hazikuchongwa jina. Nyota ya Burma iliyovaliwa na askari wa K.A.R. ni sawa kabisa na iliyovaliwa na mtu wa Liverpool. Mzee akiondoka bila kusimulia, nyota yake haitasema ilikuwa ya nani.

Mkusanyaji mwenye busara hukubali pia kikebe cha kipande, ambacho tangu mwaka 1920 wanaume walilazimishwa kukitembeza, wengi wakakitundika shingoni. Si sarafu wala si nishani, na hakuna aliyekipenda, lakini kilikaa mwilini mwa watu wengi kuliko nishani yoyote.

Vitu hivi visisuguliwe kwa majivu, mchanga wala brashi. Weusi ulio juu ya fedha hauiharibu. Kusugua ndiko kunakoila na kufuta maandishi. Kama pana udongo, maji yenye sabuni kidogo yatosha, kisha maji safi, kisha kitambaa laini cha kukaushia. Mifuko laini ya plastiki haifai kwa kuhifadhi, kwani baadhi yake hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Bahasha ya karatasi ni bora, mahali pakavu. Asiyetambua alichonacho aweza kukipeleka Makumbusho ya Meru, yaliyo katika jengo la zamani la mawe mjini, akaulize kabla ya kumwuliza sonara.

Ndani ya kila bahasha yenye nishani iwekwe karatasi ndogo: jina kamili la mwenyewe na la baba yake, rika lake, kijiji, kikosi, nchi alizofika, na jina la aliyesimulia pamoja na tarehe. Iandikwe kwa kalamu ya risasi, maana wino huenea ukipata unyevu. Iandikwe leo ikiwa mzee angali hai.