Mto wa Mchungaji na Mto wa Mfalme

Wasafiri wapitao Isiolo, wakielekea Marsabit na Moyale au wakirudi Meru na Nairobi, wamezoea kuona bangili za madini zikiuzwa kando ya barabara. Wahunzi husokota pamoja nyuzi za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini, rangi tatu zikawa pambo moja. Bangili hizo hufanyizwa ili ziuzwe, nayo ni biashara ya halali na yenye heshima. Lakini katika nyumba za Isiolo vimo vitu vingine vya sanaa ambavyo havikufanyizwa kwa ajili ya soko, na kwa kuwa hutumika kila siku, mara nyingi wenyewe huvidharau.

Kimoja ni mto wa mti wa kulazia kichwa. Waturkana huuita ekicholong. Huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, na mwenyewe huuchukua popote aendapo na mifugo. Mchana huukalia kama kiti. Usiku huuweka chini ya shingo. Zamani wanaume wa Kiturkana walipamba nywele zao kwa udongo na manyoya ya mbuni, na mto huo ulilizuia pambo lisiharibike. Wasomali nao wana mto wao, uitwao barkin, ambao pengine hutiwa nakshi za kusukana kama ukili wa mkeka. Husemwa kwamba mchungaji aulaliaye halali usingizi mzito, hata husikia fisi akikaribia zizi.

Msomaji asidhani kwamba kitu hicho ni cha wachungaji tu. Katika mwezi wa Novemba 1922, Mwingereza Howard Carter aliligundua huko Misri kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Miongoni mwa vitu vya thamani vilivyokuwamo ilionekana mito ya kulazia kichwa, yenye kitako, mguu, na sehemu ya juu iliyopinda ili kuipokea shingo. Mmoja ni wa pembe ya ndovu. Mguu wake ni sanamu ya Shu, ambaye Wamisri wa kale walimwamini kuwa mungu wa hewa. Amepiga magoti, ameiinua sehemu ya juu kwa mikono miwili, na simba wawili wamelala kando yake.

Hata hivyo, uzuri wa pembe si sababu pekee ya sifa ya mto huo. Carter na wenzake walikitia kila kitu namba, wakakipiga picha na kukiandika habari zake kabla ya kukiondoa mahali pake. Kazi hiyo iliwachukua karibu miaka 10. Kwa hiyo hujulikana mto ulikuwa wa nani na ulikutwa wapi. Laiti ungalichukuliwa usiku na kuuzwa kwa siri, leo ungalikuwa kipande cha pembe kizuri kisicho na jina.

Hasara ya namna hiyo imewapata watu wa pwani ya Kenya. Wamijikenda huchonga nguzo za mti ziitwazo vigango, na kuzisimamisha kwa kuwakumbuka wazee wao waliokufa. Nyingi ziliibwa na kuuzwa nchi za ng'ambo. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja alimpiga picha mzee akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vyote viwili vikaibwa. Vilipoonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, picha ile ndiyo iliyowashuhudia wenyewe, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa jamaa yao.

Basi, funzo hili linamhusu kila mwenye nyumba. Huko Isiolo mama wa Kiborana husuka gorfa, chombo cha maziwa, kwa nyuzi za mimea, akazikaza hata maziwa yasivuje. Kisha hukifukiza ndani kwa moshi wa miti iliyochaguliwa, ili maziwa yapate harufu nzuri na yasiharibike upesi. Akiulizwa, mama huyo aweza kueleza ni mimea gani na ni miti gani. Akifa bila kuulizwa, chombo kitabaki, lakini elimu itakuwa imekwenda.

Kila kijana aliyesoma aweza kuisaidia jamaa yake kwa daftari na kalamu tu. Na aandike mambo haya manne juu ya kila kitu cha kale kilichomo nyumbani: jina lake kwa lugha ya wenyewe, nani aliyekifanyiza, wapi na lini, kimefanyizwa kwa nini, na kwa njia gani, nacho kilitumiwa na nani. Kisha apige picha moja ya kitu hicho pamoja na mwenyewe.

Aidha, mnunuzi akija kutaka kitu cha urithi, wazee wa nyumba washauriane kwanza. Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, inakataza vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Bangili mpya husokotwa nyingine kesho yake. Mto aliolalia babu hauna wa pili.