Kiota cha Bundi ni Amana

Ndugu zangu wanafunzi, darsa la toleo hili linahusu ndege, na hasa bundi, pamoja na simu tulizonazo mikononi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anagundua kwamba bundi wale wenye uso mweupe wametaga darini katika bweni lao. Anapiga picha, anaitia kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na ramani ya mahali penyewe. Jioni watu wamejaa chini ya dari, taa zimewashwa, mmoja anagonga mbao ili ndege atoke apigwe picha vizuri. Akiulizwa, aliyetuma atasema: kosa liko wapi? Nimewaonyesha watu uumbaji wa Mwenyezi Mungu.

Jibu linaanza kwa kumpa haki yake. Kutazama ndege si upuuzi wala si jambo la Wazungu peke yao. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawauliza watu kama hawawaoni ndege walio juu yao, wakikunjua mbawa na kuzikunja. Anayetazama kwa mazingatio yumo katika kheri. Swali letu ni juu ya kinachofuata baada ya kutazama.

Bundi ana hali yake. Mchana hulala, na kinga yake ni kutoonekana. Akifukuzwa kwenye maficho yake juani, kunguru na ndege wadogo humzonga kwa kelele. Jike la bundi wa darini huatamia takriban mwezi mmoja, na wakati huo dume ndiye anayewinda na kuleta panya. Akisumbuliwa mapema anaweza kuyaacha mayai kabisa. Makinda nao huchukua takriban miezi miwili kabla ya kuruka vizuri. Kwa hiyo ramani iliyotumwa leo itaendelea kuleta watu wakati aliyeituma ameshaisahau.

Tena si wapenzi wa picha tu watakaokuja. Huku Uganda, ukitaja ekiwuugulu mbele ya wazee wengi utaona nyuso zikibadilika. Akilia juu ya bati, watu husema kuna msiba. Kuna wanaomtupia mawe, na kuna wanaomtafuta kwa ajili ya waganga. Mtume (s.a.w.) aliikata itikadi hii kwa uwazi. Katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikanusha mkosi wa ndege na akakanusha "hama". Miongoni mwa tafsiri za maulamaa ni kwamba hama ni bundi, ambaye Waarabu wa ujahiliya walidhani akitua kwenye nyumba ya mtu analeta habari ya kifo. Basi Muislamu anayemuogopa bundi kwa sababu hiyo aitazame upya akida yake. Na anayejua kwamba jirani zake bado wanaamini hivyo, kisha akawatangazia kiota kilipo, amewafungulia mlango. Wanafiqhi wana mlango wao unaohusu jambo hili, nao ni kuziba njia zinazofikisha kwenye madhara, hata kama njia yenyewe kwa asili ni halali.

Kuna hadithi nyingine isiyosomwa sana. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ummu Kurz (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha ndege waachwe mahali pao walipotulia. Imam Shafi'i aliieleza hivi: Mwarabu wa ujahiliya alipotaka kusafiri alimwendea ndege na kumshtua aruke, akienda kulia alisafiri, akienda kushoto alirudi nyumbani. Sisi tumeacha kupiga ramli ya ndege, alhamdulillah. Lakini anayegonga mbao ili bundi aruke mbele ya kamera anafanya kitendo kilekile, haja tu ndiyo iliyobadilika. Wapo pia wanaopiga sauti ya bundi kwa spika ya simu usiku. Ndege hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, huacha kuwinda na kuja kupigana na kitu kisichokuwepo. Kwangu mimi hiyo inanuka ghishi, ijapokuwa anayedanganywa ni ndege.

Na mnaijua hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), ya ndege aliyechukuliwa makinda yake safarini, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha arudishiwe. Alizingatia fadhaa ya mama, ingawa makinda yalikuwa hai.

Wengine watauliza: je, kumwonyesha mtu yeyote ni haramu? Hapana. Angalieni msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, anakoishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa takriban sentimita 16, aliye katika hatari ya kutoweka. Waongozaji wa vijiji vya karibu huwapeleka wageni kumwona na kupata riziki yao. Mwongozaji mwema anachagua siku, anapunguza idadi, anajua lini wasisogee, na kesho atarudi palepale. Ramani iliyotupwa kwenye kikundi haichagui mtu. Hata eBird, programu ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambako watazamaji wa dunia nzima huandika ndege waliowaona, ina orodha ya ndege nyeti ambao mahali pao hasa hapaonyeshwi kwa umma.

Basi ukitaka kutuma picha, ngoja makinda yaruke. Taja wilaya, usitaje jengo. Zima kumbukumbu ya mahali katika kamera ya simu, kwa maana picha yenyewe inaweza kubeba ramani ndani yake. Taa kali usimmulike.

Na yule wa bwenini? Aifute ramani, awaombe waliosambaza nao wafute. Kisha amwendee mlezi wa bweni, kwa sababu huyo ana haja ya kujua: mafundi wakija kuziba dari likizoni, wasubiri mpaka makinda yatoke. Wakati huo panya wa jikoni watakuwa wamepungua.

Wallahu a'lam.